Nimeigonga Noah kwenye foleni: niijulishe kampuni ya bima au tumalizane wenyewe?

Mbezi_Mwisho

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaoijua bima kwa undani, maana jibu linatakiwa kesho mchana.

Ajali ni ya jana jioni, Barabara ya Bagamoyo karibu na Makumbusho, foleni ya kusogea na kusimama. Toyota IST yangu imeigonga Toyota Noah kwa nyuma, mwendo wa mtu kutembea. Kosa ni la IST, hilo halina ubishi.

IST: bampa la mbele limepasuka upande wa kushoto na sikio moja la taa limekatika, ila taa inawaka. Fundi amekadiria 430,000: bampa kuchomelewa na kupigwa rangi 180,000, taa ya mtumba 170,000, kazi na klipu 80,000.

Noah: mlango wa nyuma umebonyea chini ya namba, upana wa sahani ya chakula. Mwenye gari anataka 300,000 taslimu yaishe, polisi wasihusishwe. Alikuwa na abiria mmoja, mama wa makamo. Alishika shingo kidogo, akasema yuko salama.

Bima ni kubwa (comprehensive, inalipa hadi gari langu). Thamani ya gari kwenye hati ni 12,000,000, kiwango cha ada asilimia 3.5. Eksesi (sehemu ya dai ninayobeba mwenyewe) ni asilimia 10 ya dai, isipungue 250,000. Punguzo la ada kwa kutodai limefika asilimia 20, ndio mwisho wake. Ukidai unarudi sifuri, unapanda 10 mwaka unaofuata, kisha 20.

Nitoe taarifa au nimlipe tuachane?

---

Mpima_Ajali

Ndugu, hapo umeunganisha maswali mawili. Kutoa taarifa ni jambo moja, kudai ni jambo jingine. Taarifa ni sharti la mkataba. Kudai ni haki yako, unaweza kuitumia au kuiacha. Watu wengi huogopa kutoa taarifa kwa kudhani punguzo linafutika siku hiyohiyo. Kwa kawaida kinacholifuta ni kampuni kulipa.

Tuanze na hesabu, kwa namba zako.

Ada yako kamili kabla ya punguzo ni asilimia 3.5 ya 12,000,000, yaani 420,000. Ukidai, mwaka ujao unapoteza asilimia 20 na mwaka unaofuata unapoteza asilimia 10 (ungekuwa 20, utakuwa 10). Jumla asilimia 30 ya 420,000 ni 126,000. Ongeza VAT ya asilimia 18, inakuwa 148,680. Hiyo ndiyo bei halisi ya punguzo lako, na itashuka kidogo kwa sababu thamani ya gari hupungua kila mwaka.

Sasa eksesi. Asilimia 10 ya 430,000 ni 43,000, lakini kima cha chini ni 250,000, kwa hiyo unabeba 250,000. Ukijumlisha na punguzo unapata 398,680. Chini ya hapo kudai ni hasara. Kwa IST peke yake, dai la 430,000 linakuachia faida ya 31,320 tu, na utazunguka kituo cha polisi na ofisi ya bima wiki nzima. Kwa IST peke yake ningekwambia lipa mwenyewe.

Lakini hauko peke yako barabarani. Kuna Noah. Ukimaliza kwa mfuko wako ni 430,000 na 300,000, jumla 730,000. Ukipitisha vyote kwenye bima, punguzo linapotea mara moja tu, si mara mbili. Unabeba ile 398,680 tu, weka na faini ya 30,000 endapo trafiki atakuandikia kosa. Umeokoa kama 300,000. Hesabu imegeuka kabisa.

Kabla hujafurahi, fungua hati yako sehemu ya madhara kwa mali ya watu wengine. Zipo hati zinazoweka eksesi ya pili hapo, zipo zisizoweka. Kama ipo na ni 250,000 nyingine, gharama yako inapanda hadi karibu 680,000 na tofauti na kulipa taslimu inakuwa ndogo mno. Mstari huo mmoja ndio unaoamua, na haupo kwenye stika wala risiti. Uko kwenye kile kijitabu cha masharti au jedwali la hati. Kama hukupewa, mpigie wakala wako leo akutumie.

Kitu kingine cha kuangalia ni thamani. IST yako sokoni ni bei gani? Ukiwa umeikatia bima kwa thamani ya chini ili ada ipungue, kampuni ina haki ya kulipa kwa uwiano. Gari la 12,000,000 lililoandikwa 8,000,000 limekatiwa bima theluthi mbili. Dai la 430,000 linahesabiwa 286,667, toa eksesi 250,000, unabaki na 36,667. Madai madogo mengi yanafia hapo, na mwenye gari anabaki kulaumu kampuni bila kujua kosa lilifanyika siku ya kukata bima.

---

fundi.bodi

Mimi nasema malizaneni. Hakuna aliyeumia, gari zote zinatembea. Bima mpaka mkaguzi aje, mpaka idhini itoke, gari lako limekaa gereji siku kumi.

Ila hayo makadirio ya 430,000 yamefanywa bampa likiwa limefungwa au limefunguliwa? Kama limefungwa, hiyo namba haina maana. Bampa la plastiki linabonyea kisha linarudi kama halijaguswa. Kilichopata kipigo kiko nyuma yake.

Fungua bampa kabla ya kukubaliana chochote. Kwenye IST ni klipu za juu chini ya boneti, skrubu za kwenye tao la tairi kila upande, na klipu za chini, kisha unalivuta kuanzia pembeni. Kazi ya nusu saa. Angalia hivi:

Sponji iliyo mbele ya chuma cha bampa. Ikiwa imepasuka au imebaki na alama ya kubonyea, nguvu ilipita zaidi ya plastiki.

Chuma chenyewe. Weka rula ndefu au kipande cha bomba lililonyooka juu yake. Ukiona mwanga katikati, kimepinda.

Kondensa ya AC. Iko mbele ya rejeta, ndiyo inayopokea kipigo kwanza. Mapezi yakilala tu si tatizo, lakini tafuta doa la mafuta yenye vumbi. Gesi ya AC hubeba mafuta, ikivuja inaacha alama hiyo. Washa AC dakika kumi usikie kama inapoza.

Fremu ya mbele inayoshika rejeta na kufuli ya boneti. Hapa ndipo gharama inapojificha. Funga boneti polepole, pima nafasi kati ya boneti na fenda kushoto na kulia. Tumia kadi za simu au za benki, pachika mpaka zijae, hesabu. Kushoto zikiingia tatu na kulia tano, fremu imesogea.

Taa: paki gari mita tano kutoka ukutani usiku. Mwanga wa kushoto ukiwa juu au chini ya mwenzake, sikio lililokatika siyo moja.

Maji ya rejeta: weka alama ya kalamu kwenye chupa ya akiba, injini ikiwa baridi, uangalie asubuhi tatu mfululizo.

Fremu ikiwa imesogea na kondensa ikivuja, 430,000 inageuka 1,000,000 na zaidi. Hapo hata mimi nasema nenda bima.

---

Sheria_na_Barabara

Fundi, kwenye gari uko sahihi na nakushukuru kwa maelezo hayo. Kwenye "malizaneni, hakuna aliyeumia" naomba nipinge kwa nguvu zote.

Yule mama alishika shingo. Misuli ya shingo iliyotikiswa mara nyingi haiumi saa hiyohiyo, huuma kesho yake au kesho kutwa, shingo inakakamaa hata kugeuka anashindwa. Akienda hospitali na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) mkononi, tayari kuna majeruhi. Na madai ya madhara ya namna hii yana muda wa miaka 3 kufunguliwa mahakamani, Tanzania na Kenya vilevile. Mwenye Noah akichukua 300,000 na kusaini karatasi, amesaini kwa niaba ya Noah. Hajasaini kwa niaba ya shingo ya abiria wake, hana mamlaka hayo.

Sasa ona hatari iko wapi. Bima ndogo (ya madhara kwa watu wengine), ambayo imo ndani ya bima kubwa, ipo kwa ajili ya mtu kama yule mama. Sheria inailazimisha kampuni kulipa hukumu yake, lakini kwa sharti kwamba imepewa taarifa ya kesi. Ukikaa kimya, wito wa mahakama ukaja mwaka ujao, kampuni itauliza: ajali ilitokea lini, mbona hatuna kumbukumbu? Na hata ikilazimika kumlipa yeye, inaweza kukugeukia wewe ikudai kwa kuvunja masharti.

Pili, karibu kila hati ya bima ina kifungu kinachokataza mwenye bima kukiri kosa, kuahidi au kulipa chochote kwa upande wa pili bila idhini ya kampuni kwa maandishi. Ukimpa 300,000 kesho mchana bila idhini, umekivunja. Mambo yakikua baadaye, kampuni ina sababu ya kujitoa. Kwa hiyo hata kama unataka kulipa mwenyewe, mpangilio ni huu: taarifa kwanza, kisha idhini, kisha pesa.

Taarifa iandike, usiishie kupiga simu. Barua pepe inatosha, na WhatsApp ya wakala iwe nyongeza tu, kwa sababu wakala anaweza kuacha kazi na simu yake. Maneno kama haya:

"Natoa taarifa ya ajali iliyotokea tarehe … saa …, eneo la …. Gari langu ni namba …, hati ya bima namba …. Gari jingine ni namba …, dereva …, simu …. Ndani yake alikuwemo abiria mmoja aliyeshika shingo lakini akasema yuko salama. Nimeambatisha picha. Kwa sasa sidai matengenezo ya gari langu. Mwenye gari jingine ameomba 300,000. Naomba maelekezo yenu kwa maandishi kabla sijamjibu."

Usiandike "kosa ni langu". Andika kilichotokea: gari la mbele lilisimama, gari langu likaligusa kwa nyuma. Na usilifiche lile la shingo. Ukilificha leo, kesho litakuwa ushahidi kwamba ulidanganya.

Muda wa kutoa taarifa uko kwenye hati yako. Nyingine zinasema "mara moja", nyingine zinataja saa au siku. Neno "mara moja" lihesabu kama leo.

---

Mbezi_Mwisho

Nashukuru sana wote. Maswali matatu. Polisi ni lazima, wakati mwenye Noah hataki? Akikubali bima asubiri, nimuoneshe nini ili aamini simkimbii? Na kampuni ikisema "mlipe tu mwenyewe", karatasi ya makubaliano iandikweje?

---

Mpima_Ajali

Polisi: ukitaka kudai, ndiyo. Kampuni nyingi hazifungui malipo ya ajali ya magari mawili bila ripoti ya trafiki. Watakuomba PF 90 ambayo ni ripoti ya ajali, PF 93 ya ukaguzi wa gari, na mchoro wa eneo. Nenda kituo kinachohusika na eneo la ajali, siyo kilicho karibu na kwako, vinginevyo utarudishwa. Beba leseni, kadi ya gari, stika na picha. Magari yote mawili yatatakiwa kwenye ukaguzi, na hapa ndipo ajali ndogo zinapokwama: mwenye gari la pili amekubali kwa simu, siku ya ukaguzi hapokei. Mweleze mapema kwamba bila gari lake kukaguliwa hatalipwa na bima.

Na ujiulize kwa nini hataki polisi. Mara nyingi ni kuogopa usumbufu tu. Lakini ingiza namba ya gari lake kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima Tanzania) wa kuhakiki stika, ni bure na mtu yeyote anaruhusiwa. Kama hana bima hai, umeelewa sababu. Haikupunguzii wewe wajibu, maana uliyegonga ni wewe, ila ujue unazungumza na nani. Hakiki na ya kwako papo hapo. Stika isiyoonekana kwenye mfumo ni jambo la kulijua leo kabla hujaandika barua pepe yoyote.

Cha kumwonesha: nakala ya taarifa uliyotuma na namba ya faili utakayopewa. Mpe na mawasiliano ya kampuni azungumze nayo mwenyewe. Mtu akiona namba ya faili anatulia.

Jambo moja tumelipita. Hiyo 300,000 imetoka wapi? Kubonyea upana wa sahani kwenye mlango wa nyuma kunaweza kuwa kazi ndogo ya kunyoosha na rangi, na kunaweza kuwa mlango usiofunga. Omba makadirio ya maandishi kutoka gereji mbili, yakitenganisha kunyoosha, rangi na vifaa. Funga na kufungua mlango mara tano, usikilize kufuli. Mwagia maji juu ya mpira wa mlango kwa dakika mbili kisha pitisha mkono ndani chini ya zulia. Mlango ukivuja, 300,000 haitamtosha na atarudi kwako.

---

Sheria_na_Barabara

Makubaliano yawe na haya, si zaidi ya ukurasa mmoja: tarehe, saa na mahali pa ajali, namba za magari, majina kamili na namba za vitambulisho vya pande zote, uharibifu unaolipiwa, kwa maneno mahususi ("mlango wa nyuma chini ya namba", siyo "uharibifu wote"), kiasi kwa tarakimu na maneno, kauli kwamba malipo hayo ni kamili na ya mwisho kwa uharibifu wa gari, na kauli kwamba malipo si kukiri kosa. Anayepokea awe mmiliki aliye kwenye kadi ya gari. Dereva wa Noah akiwa ni kijana wa kazi, saini yake haimfungi tajiri wake, na tajiri atakudai upya.

Mashahidi wawili, mmoja kila upande. Ukiweza, saini mbele ya kamishna wa viapo. Pesa ipite benki au mtandao wa simu, ibaki ujumbe wenye jina na tarehe. Taslimu mkononi usitoe.

Abiria aandike karatasi yake mwenyewe, akitaka. Usimlazimishe na usimpe pesa ya kumnyamazisha. Muulize hali yake kesho na kesho kutwa. Akisema shingo inauma, mwambie achukue PF3 aende hospitali, na wewe siku hiyohiyo ongeza kwenye barua pepe ya kampuni.

Ukilipa mwenyewe, omba kampuni ikuandikie kwamba faili limefungwa bila malipo. Hiyo ndiyo kinga ya punguzo lako wakati wa kuhuisha. Na ukihamia kampuni nyingine, fomu ikiuliza ajali za miaka iliyopita, jibu ndiyo, hata kama hukudai. Swali ni ajali, siyo madai.

---

Msafiri_Namanga

Nyongeza kwa wanaovuka mpaka. Ajali kama hii ikitokea upande wa Kenya, gari la Tanzania linalindwa na Kadi ya Njano ya COMESA kama uliikata kabla ya kuvuka. Tanzania ilijitoa COMESA lakini imebaki kwenye mpango wa kadi. Kwa upande wa Kenya ofisi inayousimamia ni Kenya Re. Kadi inalipa madhara kwa watu wengine, hailipi gari lako, labda hati yako ya nyumbani iwe imeongezewa eneo. Kituo cha polisi omba abstract (muhtasari wa ripoti ya ajali) kabla hujaondoka, maana kurudi kuifuata kutoka Arusha ni gharama kuliko bampa.

---

Mbezi_Mwisho

Hati nimeipata kwa wakala: eksesi ya mali ya watu wengine haipo. Barua pepe imetumwa na namba ya faili imekuja. Fundi alifungua bampa leo, chuma kimepinda na sponji imepasuka, kondensa salama. Je, naweza kutengeneza sasa nikisubiri mkaguzi?

---

fundi.bodi

Hapana, usiguse. Rudisha bampa kwa klipu chache, funga taa kwa zipu tai ili isicheze, kisha tumia gari kwa safari za lazima tu. Chuma na sponji viache palepale, mkaguzi avione vikiwa kwenye gari. Vikishatolewa vikatupwa, atapitisha bampa na taa tu na hivyo viwili utalipia mwenyewe.

---

Mpima_Ajali

Na siku ya mkaguzi fundi awepo afungue bampa mbele yake. Mkaguzi akiangalia gari lililofungwa ataandika anachokiona, na kuongeza vifaa baadaye kunahitaji idhini ya pili. Kama eksesi ya pili haipo, dai vyote, lako na la Noah, kwenye faili moja.